Sura ya Sita: Namba Usiyoijua

Unapokea simu, unasema "haloo", na upande wa pili kuna kimya. Sekunde moja, mbili. Kisha inasikika kelele ya watu wengi wanaozungumza kwa pamoja, kama ndani ya ukumbi, na hapo ndipo inapokuja sauti changamfu: "Habari yako, mteja wetu!" Kile kimya cha mwanzo kimeshakwambia karibu yote unayohitaji kujua. Simu ile hakuipiga mtu. Imepigwa na kompyuta, ambayo muda huohuo ilikuwa ikipiga namba nyingine kadhaa, maana wenye kituo wanajua kuwa wengi hawatapokea na hawataki wafanyakazi wao wakae bure wakisikiliza simu ikiita. Ulipojibu ndipo mashine ikaanza kutafuta mhudumu aliye huru. Ikimpata, inakuunganisha naye. Isipompata, inakata, nawe unabaki unakodolea macho kioo ukijiuliza ni nani huyo aliyepiga akanyamaza.

Marekani walikerwa na kimya hicho mpaka wakakitungia kanuni: anayeuza kwa simu anatakiwa amuunganishe aliyepokea na mtu ndani ya sekunde mbili baada ya kumaliza salamu, na simu zinazotelekezwa zisizidi asilimia 3 ya zile zilizopokewa. Sisi kimya hicho tukitumie. Mtu anayekufahamu hanyamazi akiisikia sauti yako. Sema "haloo" mara moja, hesabu moyoni mpaka mbili, kata. Kama alikuwa shangazi mwenye mtandao mbovu, atapiga tena, atalalamika kidogo, na mtayamaliza.

Nimeanza na hili kwa sababu ushauri unaotolewa duniani kote kuhusu simu za mauzo ni mmoja tu: usipokee namba usiyoijua. Kwa mtu wa Chicago ni ushauri wa maana. Kwa mtu wa Mbagala au Kisauni hauna miguu ya kusimamia. Namba usiyoijua ndiyo ya mjomba aliyeazima simu ya jirani kwa kuwa yake imezima chaji. Ndiyo ya bodaboda aliyesimama na mzigo wako kwenye kona, hajui ageukie wapi. Ndiyo ya kondakta wa basi lililoleta kiroba cha mchele kutoka nyumbani, ya mwalimu wa mtoto, ya nesi wa zamu, ya ofisi uliyopeleka barua ya kazi ukaisahau. Watu wana laini mbili, tatu, wanahama na ofa za vifurushi, na nusu ya unaowajua hawamo kwenye simu yako kwa namba wanayoitumia leo. Asiyepokea namba ngeni kwetu anaweza kukosa hata maziko. Wauzaji wanalijua hilo, na ndiyo maana wengi wao hawapigi tena kwa namba fupi ya kampuni. Wanapiga kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi, kama ndugu yeyote.

Basi tutapokea. Kazi iko kwenye dakika ile moja baada ya kupokea, na kwenye njia ambazo namba yako ilipitia kabla haijafika mezani kwao.

Kinachomsaidia sana muuzaji wa simu ni adabu yako. Sikiliza mazungumzo ya kawaida kabisa, ya bima ya elimu:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Habari za tangu asubuhi? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, tunashukuru."

"Mzee, naamini Mungu amekujalia watoto?"

"Ninao watatu."

"Hongera sana. Na wote wanasoma?"

"Wanasoma."

"Na ungependa waendelee kusoma hata siku ikitokea wewe haupo, si ndiyo mzee?"

Hapo bado hujatajiwa bei, hujatajiwa hata jina la bidhaa, na tayari umejibu kila ulichoulizwa. Swali la mwisho halina "hapana" ya kujibiwa na mzazi mwenye akili timamu. Limetungwa hivyo, kwa makusudi, na mtu aliyelipwa kulitunga. Ila mtego wenyewe ulitegwa mapema zaidi, kwenye shikamoo. Ukishaitikia marahaba umeshakuwa mzazi wa aliyekuamkia, na malezi yetu hayaruhusu kumkatia simu kijana aliyeuliza habari za nyumbani. Mzungu anayesoma maandishi yaleyale kwa Kiingereza hana kifungu kinachoshika kama hiki. Nionavyo mimi, simu za mauzo zinatuchosha kuliko wengine kwa sababu hiyo hasa: tunahisi tunadaiwa heshima na mtu ambaye tumeletewa na kompyuta.

Aliye upande wa pili, mara nyingi, ni kijana aliyemaliza chuo, amevaa hedifoni, mbele yake kuna kioo chenye jina lako na maandishi ya kusoma. Maandishi hayo yana jibu la kila udhuru. Ukisema uko kazini, ataomba akupigie saa ngapi. Ukisema huna hela, atakwambia ni shilingi chache tu kwa siku, hazifiki bei ya soda. Ukisema utafikiria, atataka kujua ni kipi hasa kinachokutatiza, akusaidie kukifikiria. Kila sababu unayoitoa inamfungulia ukurasa mwingine. Kwa hiyo usitoe sababu. Hapana isiyo na sababu haina ukurasa.

Kuna jambo jingine ambalo wapokeaji wengi hawalijui. Simu ikiisha, yule kijana hana budi kubonyeza matokeo yake: hakupokea, apigiwe tena, hana nia, asipigiwe kabisa. Ukikata kimyakimya katikati ya sentensi yake, kuna uwezekano mkubwa urudishwe kwenye foleni, kwa sababu mfumo unahesabu kuwa mazungumzo hayakufika mwisho. Ukimtukana, utakuwa umemharibia siku kijana asiyeamua chochote, na namba yako inabaki palepale. Maneno yanayofaa ni haya, kwa sauti ya kawaida: "Marahaba mwanangu. Unapiga kutoka kampuni gani? Namba yangu mmeipata wapi? Sihitaji, na naomba muiondoe kwenye orodha yenu. Kazi njema." Kisha kata, usingoje jibu la neno la mwisho. Heshima imetimia, kukataa kumetimia, na umeuliza maswali mawili ambayo kampuni ya kweli inapaswa kuyajibu na tapeli hayapendi.

Zile za sauti iliyorekodiwa hazihitaji hata hayo. Sauti ikikwambia ubonyeze 1 kujiunga na nyimbo, dondoo za mpira au ushauri wa mapenzi, usibonyeze kitu. Kidole kikiteleza, utaanza kukatwa fedha kila siku kwenye salio na utashangaa vocha inaliwa na nani. Safaricom, kwa mfano, wana *456*9*5# ya kuzima ujumbe wa matangazo. Mitandao mingine ina namba zake, na huduma kwa wateja watakutajia ukiwauliza.

Sasa turudi nyuma, kwenye hiyo njia ya namba. Watu hupenda kuamini kuwa kuna mdukuzi mahali fulani aliyevunja kompyuta ya benki. Huenda yupo. Lakini kabla ya kumtafuta, nenda kwenye jengo lolote la ofisi katikati ya Nairobi. Mlangoni kuna meza, juu yake daftari kubwa lenye jalada gumu lililochanika pembe, na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi isiondoke. Safu zimechorwa kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, simu, unakwenda kumwona nani, saa ya kuingia, sahihi. Askari anakusogezea bila kuinua macho. Wakati unaandika yako, juu ya mstari wako umeshasoma majina na namba za kila aliyeingia tangu asubuhi: yule aliyekwenda kwa wakili ghorofa ya tatu, yule aliyekwenda kliniki ya ghorofa ya tano. Daftari likijaa linawekwa wapi? Chini ya meza, pamoja na mwavuli na chupa ya chai. Mwenye simu yenye kamera anahitaji nukta moja tu aondoke na ukurasa mzima.

Daftari hilo lina ndugu wengi. Kuponi ya bahati nasibu ya supamaketi, ambayo friji hushinda mmoja na namba huachwa na wote. Fomu ya kadi ya punguzo. Orodha ya michango ya harusi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ikiwa na majina kamili. Nauli ya matatu inayotumwa kwenye laini binafsi ya makanga, na jioni abiria wa kike anapata ujumbe wa "mambo mrembo" kutoka kwa mtu asiyemkumbuka hata sura. Mwaka 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye mfumo wa msajili wa vyama vya siasa wakakuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kukanyaga ofisi zake. Walipouliza taarifa zao zilitoka wapi, jibu lililozunguka mitaani lilikuwa hilohilo la madaftari.

Tiba ya hapa ni ndogo na inachosha: usijaze kisanduku cha simu pale ambapo hakuna sababu ya wewe kupigiwa. Uliza. Mara nyingi askari hajali, anachotaka ni mstari uwe umeandikwa. Mwenye uwezo wa simu ya laini mbili atenge laini moja ya fomu, madaftari na kuponi, aisajili kwa jina lake kama sheria inavyotaka, na aizime mlio. Ukiwa Tanzania, piga *106# mara mojamoja uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, wapo waliokuta laini wasizozijua zimesajiliwa kwa vidole vyao, na laini ya namna hiyo ndiyo humpigia mtu mwingine kumtapeli kwa jina lako.

Sheria je? Kwenye karatasi tuko vizuri kuliko watu wanavyodhani. Marekani, ambako kelele za simu za mauzo zilianza mapema, mwananchi aliachiwa kazi ya kujitoa. Daftari la taifa la wasiotaka kupigiwa lilifunguliwa tarehe 27 Juni 2003, na ndani ya siku nne namba milioni 10 zilikuwa zimeandikishwa. Leo zimepita milioni 240. Asiyejiandikisha anahesabiwa kuwa hajali. Sheria zetu zimemgeuzia muuzaji mzigo huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayetumia taarifa za mtu kwa biashara awe na ridhaa yake, na inakupa haki ya kupinga zisitumike kukuuzia. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilishakataza matangazo ya biashara yasiyoombwa bila ridhaa ya mlaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikaongeza haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kwa matangazo. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024.

Na meno yapo. Nchini Kenya, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath shilingi milioni 5 mwaka 2023. Septemba mwaka huohuo ikaitoza Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba walizozipata kwa watu wengine kupiga simu na kutuma ujumbe wa vitisho. Waliolalamika ni watu wa kawaida, na ofisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 90.

Kikwazo ni ushahidi. Simu haiachi kitu zaidi ya namba na dakika kwenye orodha ya simu zilizoingia, na kampuni itasema ilikuwa ikikujulia hali. Kwa hiyo ukishakata, tuma ujumbe mfupi kwa namba ileile: "Leo saa nne asubuhi mmenipigia kuniuzia bima. Nimewaambia sihitaji na muondoe namba yangu. Msinipigie tena." Wakipiga tena wiki inayofuata, una maandishi yenye tarehe. Yapige picha ya kioo, iandikie kampuni barua pepe, na wakinyamaza, peleka bahasha nzima kwa Kamishna au Tume. Wengi wetu tunaishia kulalamika kwa jirani, ambaye naye anapigiwa na kampuni ileile.

Hata hivyo, sheria humzuia anayeiogopa, na hili Wamarekani wamelijua kwa uchungu. Baada ya daftari lao, kampuni zinazojiheshimu zilipunguza, zikabaki zile zisizosoma daftari lolote. Simu za intaneti zimekuwa rahisi mno, na namba inayoonekana kwenye kioo inaweza kughushiwa. Januari 2024 wapigakura wa jimbo la New Hampshire walisikia sauti ya Rais Biden ikiwashauri wasijitokeze kwenye uchaguzi wa mchujo. Sauti ilitengenezwa na akili mnemba, na mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikatangaza kuwa sauti za namna hiyo kwenye simu za mashine, bila ridhaa ya anayepigiwa, ni haramu.

Kwetu tapeli hahitaji sauti ya rais. Anahitaji sauti ya "huduma kwa wateja". Anakwambia laini yako inafungwa leo, au umetumiwa fedha kwa makosa, au umeshinda, na kwamba usikate simu wakati mnalishughulikia. Hawa si wauzaji, ila wanapitia mlango uleule na unapaswa kuwatenganisha haraka. Safaricom wamesema mara nyingi kuwa wao humpigia mteja kwa 0722 000 000 pekee, na ujumbe wa kitapeli unapelekwa 333. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, imekuwa ikihimiza kuwa mtoa huduma atakupigia kwa namba 100, na namba ya tapeli, wakiwemo wale wa "ile hela tuma kwa namba hii", inatumwa 15040. Simu ya ng'ambo inayoita mara moja na kukata, usiirudie. Mtego huo upo duniani kote, lakini umetukuta sisi tuliolelewa kwenye kubipu, ambao simu iliyokosekana tunaiona ni deni. Ukiirudia, unalipia dakika ghali za nchi usiyoijua, na sehemu ya hela inakwenda kwa aliyekubipu.

Kuna simu moja zaidi, nayo inaudhi kuliko zote: unapigiwa kuhusu mkopo wa mtu mwingine. Rafiki yako alikopa kwa programu, programu ikanyonya orodha yake ya namba, na sasa dada mkali anakutaka "umwambie mwenzako alipe". Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu wa kwenye orodha ya mkopaji kwa lengo la kudai, na kutumia vitisho au lugha chafu. Benki Kuu ya Tanzania nayo Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Jibu lako liwe fupi: "Mimi si mdhamini, sikusaini chochote, simu hii naitolea taarifa." Usiahidi kufikisha ujumbe. Ukiufikisha mara moja, watakuona wewe ndiye tarishi wao.

Wapo wanaopenda kulipiza. Uingereza, kampuni ya simu ya O2 ilitengeneza bibi wa akili mnemba aitwaye Daisy mwishoni mwa 2024, kazi yake kuzungumza na matapeli kuhusu paka na kufuma sweta mpaka wachoke. Nimecheka kama wengine. Lakini Daisy hana biashara ya kufungua asubuhi. Wewe ukikaa dakika ishirini ukimzungusha tapeli, amejifunza kuwa namba ni hai na mwenyewe hupokea.

Nimewaacha wazee mpaka mwisho kwa sababu kwao hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofanya kazi kikamilifu. Mama aliye Lushoto au Taita hawezi kuambiwa asiitikie shikamoo. Simu ya kampuni inaweza kuwa ndiyo sauti pekee iliyomuuliza ameamkaje siku hiyo, na hatafanya haraka kuikata. Usimpe somo la sheria wala namba fupi tano za kukariri. Kubalianeni jambo moja: mazungumzo yakifika kwenye hela, namba ya siri au kujiunga na chochote, yeye anasema, "Ngoja kwanza nimpigie mwanangu." Muuzaji wa kweli ataitikia sawa mama, nitapiga kesho. Tapeli atasema usikate. Akisema usikate, mama akate.